Mafundi wa majokofu wafunzwe kabla ya gesi kuwafunza

Matokeo ya mtihani wa KCSE wa 2024 yalipotangazwa Januari 2025, tuliarifiwa kwamba watahiniwa walikuwa 962,512, na kwamba 246,391 kati yao walikuwa wamepata C+ au zaidi, alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Waliosalia, ambao ni zaidi ya 700,000, walipewa ushauri ule ule unaotolewa kila mwaka: waende vyuo vya ufundi. Ushauri wenyewe ni mwema. Linalonikera ni sauti inayotumiwa kuutoa, kwani aghalabu ni sauti ya mtu aliyepeleka rambirambi katika nyumba iliyofiwa.

Sijitoi katika lawama hii. Nimefundisha Kiswahili katika shule za upili za Thika na viunga vyake kwa zaidi ya miaka 20, na siwezi kuhesabu ni mara ngapi nimemtisha mwanafunzi mvivu kwa kumwambia kwamba akiendelea hivyo ataishia kushika spana. Mmoja wa wale niliowatisha ndiye aliyesababisha makala haya.

Nilimkuta mapema mwaka huu katika bucha moja mjini Ruiru, si mbali na steji ya matatu, nilikokuwa nikingoja kupimiwa nyama. Mwenye bucha alikuwa na hasira. Jokofu lake lilikuwa limeacha kugandisha kwa mara ya tatu katika muda usiozidi miezi minne. Kila lilipoharibika, fundi aliitwa, akaunganisha mtungi wake, akatia gesi, akalipwa, akaenda zake. Baridi ilirudi kwa wiki kadhaa kisha ikatoweka tena, na nyama ikaishia kwa mbwa. Fundi aliyekuwa ameitwa siku hiyo alikuwa binti aliyevaa ovaroli ya buluu, na aliponiona aliweka chini vifaa vyake, akaniamkia kwa heshima kama walivyokuwa wakifanya mlangoni mwa darasa langu. Niliikumbuka sura yake, na kwa aibu nikaikumbuka pia alama yake: D+.

Binti yule hakukimbilia mtungi. Kwanza aliisukumia mitambo hewa ya nitrojeni, kisha akachukua brashi na povu la sabuni, akawa anapaka kila kiungo cha neli za shaba nyuma ya jokofu, akitazama kwa utulivu wa daktari. Katika kiungo kimoja kilichokuwa kimefichwa na vumbi na mafuta, povu likaanza kuvimba.

"Mwalimu," akaniambia, "gesi ya jokofu haiishi. Si mafuta ya taa. Ikipungua, basi imevuja, na anayeongeza nyingine bila kutafuta ilikovujia anauzia upepo."

Kisha alikichomelea kile kiungo, akaunganisha pampu iliyonguruma kwa karibu saa nzima ikitoa hewa na unyevu, na mwisho akatia gesi huku mtungi ukiwa juu ya mizani ndogo, akihesabu gramu. Mwenye bucha alinung'unika muda wote huo. Fundi yule mwingine, alisema, alikuwa akimaliza kwa dakika kumi.

Yafaa nieleze hapa jambo ambalo mimi mwenyewe nililielewa siku hiyo tu, kwa kuwa somo la fizikia niliagana nalo nikiwa Kidato cha Pili. Jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kulichukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Mtungi wa udongo wa nyanya zetu ulifanya kazi hiyo hiyo: maji yaliyopenya kwenye kuta zake yaligeuka mvuke, na yalipogeuka yaliondoka na joto, nayo yaliyobaki ndani yakapoa. Katika jokofu, badala ya maji kuna gesi iliyofungiwa ndani ya neli. Kompresa huisukuma na kuibana mpaka ipate joto kali. Ikipita kwenye zile neli za nyuma hupoteza joto hilo na kuwa majimaji. Kisha hupitishwa kwenye tundu jembamba mno, na inapofunguka upande wa pili hugeuka mvuke ghafla na kunyonya joto la nyama na maziwa. Halafu safari huanza upya. Hakuna kinachoungua wala kuliwa. Jokofu lisilo na kiungo kinachovuja linaweza kuishi miaka mingi na gesi ile ile liliyotoka nayo kiwandani. Tundu lile jembamba ndilo sababu ya pampu kunguruma saa nzima: tone moja la unyevu likibaki ndani huganda pale na kuziba njia.

Haya yote yamo katika silabasi ya shule ya upili, katika sura ya joto. Mwanafunzi huyakariri, akaandika mtihani, na baba yake akaendelea kulipia gesi mara nne kwa mwaka.

Tuitazame sasa barabara inayotoka Ruiru kwenda Thika, ile iliyopanuliwa na kufunguliwa 2012. Ruiru ndiko kiliko kiwanda cha maziwa cha Brookside, na maziwa yasipopozwa hadi kiasi cha nyuzi 4 muda mfupi baada ya kukamwa, huharibika kabla ya kufika mezani. Katika Tatu City kumejengwa ghala kubwa la baridi la Cold Solutions. Thika kuna Del Monte na mananasi yake, kuna viwanda vya vyakula, kuna hospitali ya Level 5 ambayo chanjo zake hazina budi kuwekwa kati ya nyuzi 2 na 8, usiku na mchana, umeme uwepo usiwepo. Kutoka upande wa Murang'a hushuka parachichi zinazosafirishwa ng'ambo, na tunda hilo likipata joto njiani hufika limeiva kupita kiasi. Juu ya hayo tuwaongeze watu wenyewe. Sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 238,000 mjini Ruiru. Ile ya 2019 ikahesabu zaidi ya 490,000. Kila jengo jipya la ghorofa linaloota Kimbo au Membley huleta majokofu yake, na kila duka la dawa, bucha na baa nalo huja na lake.

Nani atayatengeneza yakiharibika? Hapo ndipo penye mzizi wa fitina, na nitaueleza kwa kuifuata safari ya yule binti, kwa maana alinisimulia yote tukiwa tumekaa kwenye kreti za soda nje ya bucha.

Baada ya kutoka shuleni alikaa nyumbani mwaka mmoja, akafua nguo za watu, kisha mjomba wake akamlipia karo katika chuo kimoja cha ufundi ambacho sitakitaja. Walikuwa zaidi ya arobaini darasani. Seti ya geji za kupimia msukumo wa gesi ilikuwa moja, na pampu ya kutolea hewa ilikuwa imeharibika kabla hawajafika. Gesi yenyewe ilionekana mara mbili katika muhula, siku ya wageni na siku ya mtihani. Mwalimu wao alikuwa mtu mwenye bidii aliyeichora mitambo ubaoni kwa chokaa za rangi, na wanafunzi wakaichora madaftarini. Alipopelekwa kwenye mafunzo ya nyanjani, kampuni iliyompokea ilimpa kazi ya kupeleka barua na kuchemsha chai kwa miezi mitatu. Alihitimu akiijua nadharia barabara. "Lakini Mwalimu," aliniambia, "nilikuwa sijawahi kuchomelea kiungo kimoja ambacho mtu alikilipia."

Ndipo akaenda kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha mabati mtaani Makongeni, Thika, anayetengeneza majokofu tangu enzi za Rais Moi. Mzee huyo hakuvuka darasa la saba. Hata hivyo mikono yake ina elimu. Huweka kiganja kwenye kompresa na kukuambia kama ni mgonjwa, husikiliza mlio wake na kujua ni nini kilichokwama. Kwake binti alijifunza kuchomelea, kubomoa, kubahatisha pale ambapo lazima mtu abahatishe, na kuzungumza na mteja mwenye hasira. Walakini mzee hakuwa na mizani. Gesi aliipima kwa kugusa neli na kuona jinsi inavyopata umande. Tena alipotaka kufungua mitambo, aliikata neli na kuiachia gesi yote iende angani, kama alivyofundishwa na aliyemfundisha.

Kwa hiyo tuna chuo chenye nadharia isiyo na mikono, na tuna jua kali yenye mikono isiyo na nadharia. Binti yule alibahatika kupita kote kuwili. Wengi hupita upande mmoja tu.

Msomaji ataniuliza kuna ubaya gani ikiwa kazi inafanyika. Katika zama za R-12 ningemjibu kwamba ubaya wenyewe uko mbali, huko angani. Gesi hiyo na jamaa zake zilikuwa zikiitoboa tabaka ya ozoni inayotukinga na miale mikali ya jua, na ndiyo sababu mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Montreal mnamo Septemba 16, 1987. Kufikia 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nazo. Ikafuata zamu ya R-22 ya viyoyozi na vyumba vya baridi, ambayo matumizi yake yamepangiwa kukoma 2030 isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mitambo ya zamani. R-134a, iliyoshika nafasi ya R-12 majokofuni, haidhuru ozoni, lakini kilo yake moja ikiachiliwa huongeza joto la dunia sawa na zaidi ya kilo 1,400 za hewa ya ukaa. Kwa ajili ya gesi za aina hiyo mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016 na kukubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua. Kenya iliridhia makubaliano hayo 2023.

Jambo la kufikirisha ni kwamba sekretarieti inayosimamia mkataba wa Montreal iko Gigiri, Nairobi, katika makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mtu aliye Ruiru anaweza kufika huko kwa matatu kabla chai yake ya asubuhi haijamtoka tumboni. Walakini habari za mikataba hiyo zimeufikia ulimwengu wote kabla ya kukifikia kibanda cha Makongeni.

Lakini sasa ubaya umesogea karibu. Gesi inayopatikana katika majokofu mengi mapya ya nyumbani ni R-600a, ambayo haidhuru ozoni na wala haiongezi joto la dunia kwa kiasi cha kutajika. Ujerumani walianza kuitumia tangu 1993. Ni gesi nzuri, hutumia umeme kidogo, na jokofu moja huhitaji gramu chache tu, pengine 50 au 60. Ina sifa moja ambayo R-12 na R-134a hazikuwa nayo: inawaka. Ni ndugu wa karibu wa ile gesi tunayopikia. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi kidogo sana, hata chini ya sehemu mbili katika mia, cheche moja yatosha.

Mzee wa Makongeni hakujua. Mwaka juzi aliletewa jokofu jipya lililokuwa limeacha kugandisha. Akaliingiza ndani ya kibanda kwa sababu mvua ilikuwa ikinyesha, akafunga mlango, akakata neli kama alivyofanya kwa zaidi ya miaka 30, kisha akawasha mwako wa kuchomelea. Nilimtembelea baadaye nikayaona makovu. Yameanza kwenye vifundo vya miguu yakapanda hadi magotini, na mkono wa kushoto ngozi yake imevutika ikang'aa. Binti alikuwa ametumwa dukani wakati huo. Alinionyesha kibandiko kilichokuwa kwenye ile kompresa, chenye mwali wa moto ndani ya pembetatu ya manjano, na maandishi ya Kiingereza chini yake.

Hapa ndipo napenda walimu wenzangu watulie kidogo. Tumezoea kulijadili suala la vyuo vya ufundi kana kwamba ni suala la ajira peke yake: vijana ni wengi, kazi za ofisini ni chache, basi na washike nyundo. Hoja hiyo ina miaka mingi. Ndiyo iliyouzaa mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, nasi tulioufundisha twakumbuka jinsi karakana zilivyojengwa kwa michango ya wazazi, zikakaa bila vifaa, na mwishowe nyingi zikageuzwa madarasa au stoo za mahindi. Vyuo navyo vilipopata nguvu vilipandishwa cheo. Chuo cha Jomo Kenyatta pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kilianza 1981 kwa msaada wa Wajapani kama chuo cha kati cha kilimo na teknolojia. 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Kenya Polytechnic ya Nairobi nayo ikawa chuo kikuu 2013, na ile ya Mombasa mwaka huo huo. Sina kinyongo na vyuo vikuu hivyo, na JKUAT imetuletea sifa. Nasema tu kwamba kila tulipopata mahali pazuri pa kumfunza fundi, tuliparemba kwa joho.

Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika kwa kiasi fulani. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ilipitishwa 2013, vyuo vimejengwa katika maeneo bunge mengi, na mtaala mpya wa umilisi unataka mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kukifanya, si kwa anachokumbuka. Hayo ni mazuri. Hata hivyo umilisi haupimwi kwa mitambo isiyokuwepo. Darasa la watu arobaini lenye pampu moja mbovu litatoa mahafali wale wale, hata vyeti vyao vikiandikwa maneno mapya.

Kwa nini basi kampuni zilizo kando ya barabara hii, ambazo haziwezi kuishi siku mbili bila baridi, zisiwe karakana za vyuo hivi? Kila mwajiri hutozwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, na fedha hizo husimamiwa na NITA. Kiwanda chenye wafanyakazi 500 hutoa shilingi 300,000 kwa mwaka. Mpango ulikuwa kwamba fedha hizo zirudi kwa njia ya mafunzo. Mwanagenzi wa majokofu akikaa mwaka mmoja ndani ya chumba cha mitambo cha kiwanda cha maziwa, chini ya fundi mwenye ujuzi, atatoka akijua mambo ambayo chaki haiwezi kumfundisha. Akipewa kazi ya kuchemsha chai, kampuni imekula mara mbili: imemnyima mwanafunzi, na kesho itamwajiri mtu asiyejua kitu.

Na yule mzee je? Kwa bahati nzuri kuna njia. NITA imekuwa ikiwatahini mafundi kwa madaraja matatu tangu zamani, na 2024 Serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Kwa maneno mengine, mzee wa Makongeni anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kurudi kukaa dawatini. Nilipomweleza alicheka. "Mwalimu, nikifika huko wataniuliza kwa Kizungu," alisema. "Jokofu nalijua. Kizungu sikijui."

Nimelifikiria jibu hilo kwa siku nyingi kwa kuwa linanihusu mimi na kazi yangu. Sisi walimu wa Kiswahili tumeshughulika na ngeli, methali na uchambuzi wa riwaya, na ni haki yetu kufanya hivyo. Lakini ni nani aliyeandika kwa Kiswahili kitabu cha mafunzo ambacho fundi wa Thika anaweza kukifungua akasoma jinsi ya kushughulikia gesi inayowaka? Jirani zetu wa Tanzania wanawafunza mafundi wao wengi kwa Kiswahili katika vyuo vya VETA, na mitambo yao hugandisha sawasawa na yetu. Wanaosema kwamba lugha hii haina maneno ya sayansi hawajamsikia binti wa D+ akimweleza muuza nyama mahali gesi ilipokwenda.

Wapo watakaosema kwamba fundi aliyesoma hutoza zaidi, na maskini ataendelea kumwita yule wa dakika kumi. Ni kweli kwa leo. Mwenye bucha wa Ruiru alikuwa amewalipa mafundi wa dakika kumi mara tatu, mbali na nyama iliyotupwa, kabla ya kumlipa binti yule mara moja. Nilipopita kwake miezi miwili baadaye alikuwa hajamwita fundi tena. Hakulisifu jambo hilo. Alilalamika tu juu ya bei ya umeme.

Mara ya mwisho nilipokwenda Makongeni, mzee aliniomba kazi. Alitaka nimwandikie yaliyomo kwenye kile kibandiko, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili akitundike ukutani vijana wake wakisome. Nilikaa na kipande cha katoni magotini nikahangaika kutafuta neno la kisomi. Mwishowe niliandika: GESI HII HUWAKA. FUNGUA DIRISHA. USIWASHE MOTO KABLA YA KUPIMA. Nikampa.

Aliisoma polepole, akatikisa kichwa.

"Gesi hii ni nzito, Mwalimu. Hulala sakafuni," akasema, akaitazama miguu yake. "Dirisha liko juu. Andika mlango."

Nikafuta dirisha, nikaandika mlango.